Bado Nimo Kwenye Picha

Juzi binti yangu katoa bahasha kwenye sanduku la barua: kijitabu cha rangi, karatasi ya kuteleza. Shule moja ya kulipia hapa Maryland, Marekani, inamkaribisha darasa la sita. Kufunua ukurasa wa tatu, akapiga kelele: "Mama, mbona umo humu? Si uliacha?"

Nimo kweli. Nimeinamia daftari la mwanafunzi, nacheka. Na mwanafunzi mwenyewe, masikini, ni kijana mmoja niliyemfundisha.

Ilikuwa Machi 2022. Shule za namna ile mkataba wa mwalimu ni wa mwaka mmoja mmoja; barua hutoka baridi haijaisha, ukaambiwa uamue. Chama cha walimu hakuna, na mshahara wa mwenzio huujui. Bahasha yangu ilikuwa mezani, nimeifunika na daftari la mahudhurio. Kengele ikalia, wakatoka wote isipokuwa yeye, kijana mweusi pekee katika darasa la wanafunzi 14. Akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao bila kutumwa. Akafuta grafu, akafuta tarehe, akarudia pale palipokwisha kuwa safi.

"Umesaini?" akauliza, kanipa mgongo.

Nikajifanya sikusikia. Akahesabu kwa vidole: mwalimu wa historia aliondoka yeye akiwa la tisa, wa bendi, mwaka uliofuata, dada wa ofisi ya udahili hakufika hata Krismasi. Weusi wote. Kidole cha nne akakiacha kimesimama, akanigeukia.

Nikamwambia: "Wahi, basi litakuacha."

Basi lilikuwa la saa kumi. Saa ya ukutani ilisema tisa na nusu.

Mengine nisiyarefushe. George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi Mei 2020, waliosoma shule hizi wakaanza kuanika Instagram yaliyowakuta humo, na uongozi wetu ukaunda kamati. Kamati nikawa mimi. Mtoto katukanwa rangi yake, analetwa kwangu. Mzazi kaja juu, naitwa. Mpiga picha kaja, naitwa pia. Tanga nilikuwa mwalimu wa hesabu tu. Ndani ya geti lile nikawa Mweusi wa zamu. Niliomba nipunguziwe kipindi kimoja ili kazi hiyo ipate saa zake. Nikapewa ua la okidi kwenye chungu, na kadi ya shukrani. (Ilikufa Aprili. Maji nilimwagilia, naapa.)

Mzee wa usafi, mzaliwa wa South Carolina, aliiona ile okidi akacheka mpaka akaegemea ufagio. Akanisimulia: baada ya hukumu ya 1954 ya Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyokataza kutenga wanafunzi kwa rangi, shule zilipokuja kuchanganywa, watoto weusi walipelekwa kwenye shule za wazungu, walimu wao wakaachishwa kazi kwa maelfu. Shangazi yake alikuwa mmoja wao, akaishia kufulia watu nguo. "Yeye walimfukuza," akasema. "Wewe wanakupa maua."

Sikusaini. Nikahamia shule ya serikali: mshahara umebandikwa wazi, watoto 31 darasani, mgongo wangu ndio unajua. Kijana alimalizia kulekule. Aliniandikia mara moja, kuomba barua ya kumwombea chuo, nikaiandika usiku ule ule. Ubao hakuutaja, nami sikuutaja.

Binti kaubandika ukurasa kwenye friji. Anataka kujua ada ni kiasi gani, na huyu kaka hapa na mama ni nani.

Nimemjibu la ada.