Dawa umempa, ila ameelewa atazimezaje?

Mimi huwa najitolea kuongea mambo ya afya na vijana wa soko la Mbuyuni hapa Moshi, wabeba mizigo, wauza mitumba, wadada wanaosaidia mama lishe, na kuna kitu kinaniuma sana. Wengi pale shule waliishia la tatu au la nne, wengine hawakugusa kabisa, ila hela wanahesabu fasta kuliko mimi kwahiyo usije ukawaona wajinga. Sisi ndo tunawapa kipeperushi kimejaa maandishi mbele na nyuma, anapokea kwa heshima, asante dada, alafu kinafungiwa karanga.

Sasa chukua ile bahasha ya dawa. Mtu wa duka anaandika 2x3 kwa peni, basi, mteja mwingine. Kuna kijana mmoja alikuwa anameza vidonge sita asubuhi kwa mkupuo, maana mbili mara tatu si sita jamani? Hesabu yake iko sawa kabisa! Nikachukua bahasha nikamchorea jua linachomoza, jua la utosini, na mwezi, chini ya kila mchoro vidoti viwili. Akaangalia akasema kumbe ni hivyo tu.

Mseto, ile dawa ya malaria, ndo balaa. Mtu mzima anameza vinne, baada ya masaa 8 vinne tena, kisha vinne asubuhi na vinne jioni siku ya pili na ya tatu mpaka 24 viishe, na ale chakula. Wengi homa ikishuka siku ya pili wanaacha, vilivyobaki wanamwekea mwenzao.

Na yale masaa 72 ya kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya mtu kuwa kwenye hatari ya kuambukizwa, kama ngono bila kinga, ukimtajia namba hiyo inapita tu. Mwambie hatari hiyo ikitokea jumamosi usiku mwisho ni jumanne usiku, ila asisubiri, aende hospitali usiku huohuo au kesho yake asubuhi, na akianza anameza siku 28 bila kuruka. ORS pia, ile ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, pakti moja inataka lita moja ya maji safi, kwahiyo mshikishe chupa mbili za nusu lita mkononi aone, maana wengi wanaimwaga kwenye kikombe.

Alafu usimuulize "umeelewa?" Atasema ndio hata kama hajaambulia kitu, aibu ile ya kutojua kusoma ni nzito sana hasa kukiwa na watu nyuma yake. Mwambie "hebu nielekeze kama mimi ndo mgonjwa", hapo ndo utasikia alichoshika na alichokosa.

Kaka na dada zangu wa maduka ya dawa, najua foleni inakuwa ndefu jioni, ila nawaomba sana mchoreeni, na msimwachie aondoke kabla hajawaelekeza nyie.