Siku moja maishani mwangu: skauti wa tembo, Kasese

Simu ililia saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Anayenipigia saa hiyo hanijulii hali. Hutaja shamba la nani, kisha hukata kabla salio halijamwishia. Nilivaa buti za mpira, nikachukua tochi, filimbi, daftari na kamba yangu ya katani, nikamfunika vizuri kitindamimba wangu, nikatoka. Huku Kasese, magharibi mwa Uganda, ambako mstari wa Ikweta unapita jirani, jua huchomoza karibu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo nilikuwa na safari ndefu ya gizani katika njia ambayo nyati nao huipenda.

Mimi ni skauti wa jamii katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Wasioijua kazi hii hudhani kwamba ninazunguka na watalii katika gari lisilo na paa, na majirani zangu wenyewe, ambao wangepaswa kujua zaidi, huamini kwamba ninalipwa mshahara mnono ninaouficha. Sina mshahara wala bunduki. Nina posho inapopatikana, na huku Uganda mtu akisikia posho hufikiria ugali, jambo ambalo haliko mbali na ukweli, kwa maana fedha yenyewe huishia kwenye unga. Kazi yangu ni kuwarudisha tembo kabla hawajaingia mashambani, kuwaita askari wa hifadhi wakishaingia, na kuandika walichoharibu wakishaondoka. Watoto wa kijiji wananiita Mama Filimbi. Najifanya silipendi jina hilo.

Nikiulizwa kwa nini daftari langu limeandikwa kwa Kiswahili, jibu ni kwamba baba yangu alikuja Kilembe kuchimba shaba, akaoa na kuzeeka hapahapa, na Kiswahili cha nyumba za wachimbaji ndicho ninachozungumza na askari wa hifadhi, na Wakongo wanaovukia Mpondwe, na Wasongora wenye ng'ombe, na yeyote yule pale Kikonzo changu, lugha ya wenyeji wa hapa, kinaponiishia.

Saa kumi na mbili unusu nilikuwa nimefika. Mwenye shamba, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa ameketi kwenye tuta akiwa amejifunga blanketi mabegani. Nilipiga goti nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani kana kwamba nimekuja kutembea, kisha tukakaa kimya kusubiri mwanga, kwa sababu kusoma nyayo kwa tochi ni kujidanganya.

Kulipopambazuka nilianza na ile sehemu ya kazi ninayoipenda. Unyayo wa mbele wa tembo ni wa mviringo, na wa nyuma umerefuka kama yai. Ukizungusha kamba kwenye ukingo wa unyayo wa mbele, kisha ukazidisha urefu huo mara mbili, unapata kimo cha tembo begani, au karibu yake sana. Kamba yangu ina fundo kila baada ya sentimita kumi. Unyayo mkubwa wa asubuhi hiyo ulifika karibu fundo la kumi na tano, maana yake mnyama wa kimo cha mita tatu hivi, na hakuna jike wa huku anayefika hapo. Wenzake walikuwa wawili, wadogo kidogo kuliko yeye, na hapakuwa na unyayo hata mmoja wa mtoto. Madume matatu, basi, na madume ndio wenye ujasiri wa mashambani. Walikuwa wameingilia pale ambapo mvua imebomoa kingo za handaki lililochimbwa kuwazuia. Tembo akikuta ukingo uliolegea huukanyagakanyaga mpaka udongo unateremka, naye anapata njia ya kushukia na ya kupandia.

Kuanzia saa moja hadi saa mbili nilipima. Kuanzia saa mbili hadi karibu saa sita nilibishana.

Ekari moja, kwa namna tunavyopima sisi tusio na mashine, ni hatua sabini kwa sabini. Shamba la mzee ni ekari mbili za mahindi, na yeye alitaka niandike kwamba zote zimeliwa. Nililizunguka nikihesabu kwa sauti ili asije akasema baadaye kwamba nilihesabu kimoyomoyo. Sehemu iliyolazwa chini ilikuwa hatua sabini kwa hamsini, karibu robo tatu za ekari. Ng'ambo ya pili mahindi mengi yalikuwa yamesimama bila kuguswa. Shida ilikuwa kona ya mashariki, hatua arobaini kwa thelathini na tano, ambako mabua yalikuwa wima kama askari gwarideni na hayakuwa na hindi hata moja.

Kila mwizi wa mahindi ana mwandiko wake. Tembo hung'oa bua na mizizi yake, hukung'uta udongo, hula anachotaka na kubwaga kinachobaki, na tumbo lake halisagi chakula vizuri, kwa hiyo kinyesi chake unakikuta kimejaa punje nzima ambazo kuku hushangilia. Nyani huketi kitako, humenya hindi kwa adabu, hula nusu, hulitupa na kuchukua jingine. Nguruwe pori huangusha bua na kulitafunia chini. Anayevunja hindi na kuliacha bua limesimama ni binadamu, hakuna mwingine.

"Mzee wangu," nikamwambia, "kona hii hawakufika."

"Andika ekari mbili, binti yangu."

"Hapa pamevunwa kwa mkono."

Hakunijibu. Aliita watoto wake, watoto wakaita binamu zao, na kabla sijafunga daftari tulikuwa watu kumi na watano, wakiwemo waendesha boda-boda wawili ambao hawana hata kitalu cha sukuma wiki. Mmoja alisema kwamba hatua zangu ni fupi kwa sababu mimi ni mwanamke, akapima yeye kwa miguu yake mirefu, akapata hatua chache kuliko zangu na hivyo shamba dogo zaidi, akanyamaza. Mwingine aliniuliza nimekula kiasi gani kutoka kwa tembo, swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mpaka ninalijibu kwamba tembo hawana mifuko. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliitwa. Alikuja, akasikiliza pande zote mbili huku akitazama simu, akasema kwamba muhuri wake uko tayari kwa lolote tutakaloafikiana, ambayo ndiyo njia yake ya kutokuwa na maoni.

Niliwaeleza kile ninachoeleza kila mara. Zamani tembo akila shamba lako ilikuwa bahati yako mbaya, basi. Kilichorudi kwa wananchi kilikuwa ile asilimia 20 ya fedha za malango ya hifadhi, ambayo huenda kwa miradi ya jamii na haiingii katika ghala la mtu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ndiyo iliyoleta fidia kwa aliyeumizwa, aliyefiwa au aliyeharibiwa mali yake. Lakini fidia inatembea juu ya karatasi, na karatasi inakaguliwa. Fomu moja ikikutwa na uongo, watazitilia shaka fomu za kijiji kizima, pamoja na ya mama aliyepoteza muhogo wake wote na ambaye hakuongeza hata hatua moja.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, na alipoanza kusema hakusema kwa hasira, jambo lililonichosha zaidi kuliko kelele za wajukuu wake. Alisema kwamba alipolima pamba hapa akiwa kijana hapakuwa na handaki wala skauti, kwa sababu hapakuwa na tembo wa kuhesabika. Katika hilo hakukosea. Katika miaka ya Amin na ya vita vilivyomwondoa, wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya pembe mpaka katika hifadhi nzima wakabaki takriban 150 mwaka 1980, na waliopona walijifunza kukaa mbali na watu. Leo wamezidi elfu mbili, na mpaka wa Virunga, hifadhi ya upande wa Kongo, kwao si mpaka. Wanakwenda Kongo na kurudi wanavyotaka. Kwa vijana wa hapa tembo ni wenyeji, lakini kwa mzee huyu ni wageni waliomkuta.

"Wiki mbili zilizopita walimaliza shamba la jirani," akasema. "Sikulala. Nikavuna kona ile ikiwa bado na maziwa, nikayauza mabichi kwa bei ya kutupa, ili nisikose yote. Sasa niambie wewe mwenye daftari: mahindi hayo nani kayala?"

Nimeijaza fomu ile mara nyingi kiasi kwamba naweza kuikariri. Ina nafasi ya aina ya mnyama, idadi, zao, umri wa zao na eneo lililoharibiwa. Haina nafasi ya mahindi yaliyovunwa kwa woga. Haina nafasi ya baba anayelala katika kibanda cha shambani tangu mahindi yachanue mpaka yavunwe, wala ya mtoto anayesinzia darasani kwa sababu alikuwa akigonga debe usiku kucha kufukuza tembo. Nilijua kwamba mzee anasema kweli na kwamba siwezi kuandika anachotaka, nikasimama pale juani nikizungusha kalamu kama mtahiniwa asiye na jibu.

Mwishowe niliandika robo tatu za ekari. Kisha chini kabisa, pale penye mistari ya maelezo ambayo watu wengi huiacha wazi, niliandika kwamba kona ya mashariki, hatua 40 kwa 35, ilivunwa kabla ya kukomaa kwa kuhofia tembo, na bei aliyouzia. Sijui atakayeisoma ataifanyia nini. Nilimsomea mzee yote, akatia dole gumba bila kunitazama, na mwenyekiti akagonga muhuri wake haraka kama mtu anayeua nzi.

Nyumbani nilifika saa saba, nikakuta nyani wamepita kwangu. Mwanangu mkubwa alikuwa amekwenda shule, na nyani wanajua ratiba ya shule kuliko mimi. Hao hawana fomu: nyani, tumbili na nguruwe pori huhesabiwa kuwa wanyama waharibifu wa kushughulikiwa na wilaya, kwa hiyo nilikusanya vilivyobaki, nikapika bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki, nikalala saa moja na nusu.

Alasiri tulitengeneza matofali ya pilipili, skauti watatu na vijana wawili wa kujitolea: kinyesi kikavu cha tembo, pilipili kali iliyotwangwa, maji, kisha kuanikwa. Usiku tofali likiwaka polepole kwenye ukingo wa shamba, moshi wake humkera tembo puani. Anayetwanga hulia machozi mchana kutwa, na zamu ilikuwa yangu. Halipaswi kutumika kila usiku, kwa kuwa tembo huzoea kila kitu, hata vuvuzela, hata debe, hata tochi, na ujanja wote uko katika kubadilisha.

Saa moja jioni nilipanda kwenye jukwaa la lindo juu ya handaki. Saa mbili, kimya. Saa tatu, fisi mmoja upande wa barabara. Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Mtu aliyeamka saa kumi na moja akiangalia saa usiku huhesabu uchovu tu. Nilijibana mkono ili nisisinzie. Mwenzangu alikohoa. Kuna wakati niliota nikiwa macho, nikaona mabua yaliyosimama kona ya mashariki yakitembea.

Nyayo nilizozisikia chini yangu zilikuwa za mtu. Alikuwa mzee, na blanketi lake lilelile, akiwa na chupa ya chai ya tangawizi. Alipanda ngazi taratibu, akakaa, akanimiminia. Habari ya asubuhi hakuigusa, nami sikuigusa. Alisema tu kwamba upepo umegeuka na kwamba leo watakuja kutoka upande wa kisima, na nilipomuuliza anajuaje alinijibu kwamba yeye huwaza alipo chakula, kama wao.

Walikuja kutoka upande wa kisima. Tembo akitembea hatoi kishindo. Unachosikia ni nyasi zikijikwaruza kwenye mwili mkubwa, na tumbo likinguruma. Tuliwasha matofali yote manne, mwenzangu akapuliza vuvuzela, mimi nikapuliza filimbi mpaka masikio yangu yenyewe yakaziba, na mzee akasimama ukingoni akiwatukana kwa Kikonzo kwa maneno ambayo sikuyajua na ambayo nilikusudia kuyauliza. Mwanga wa tochi ulimshika mkubwa wao akiwa ameinua mkonga kunusa moshi. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akageuka, na wawili wakamfuata, wakashika njia ya kando ya handaki kuelekea kaskazini, ambako kuna kijiji kingine na mahindi mengine.

Mzee alimimina chai iliyobaki. Nilitoa simu, nikampigia skauti wa kule. Iliita mara nyingi kabla hajapokea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulala. Sikumjulia hali. Nilimtajia shamba la kwanza watakalolifikia, nikakata.