Boti ya msaada, petroli ya Dodoma

Nimezaliwa Bahi, na mpaka natimiza miaka 34 maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni bwawa la Mtera. Basi mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa faili la boti ya doria.

Ilikuwa Novemba 2023. Mwongozo wa bajeti umeshatoka, ofisi nzima pale Mtumba, Dodoma, watu wanakimbizana na makadirio. Mkuu wa kitengo akaniita, akasogeza faili mezani. "Humo kuna hoja ya mkaguzi. Ijibu." Hoja yenyewe mistari mitatu: boti iliyotolewa na nchi rafiki kwa ajili ya ulinzi wa bahari haijaingia majini kwa miezi minane, sababu zielezwe. Taasisi siitaji wala nchi siitaji. Waliohusika bado wako kazini, na mimi pia.

Nikadhani imeharibika. Nikampigia fundi wa huko pwani.

"Boti nzima kabisa, afisa," akasema. "Haina petroli tu."

Nikafungua vitabu. Petroli ilikuwemo, lita 600 kwa mwezi, ila imewekwa kasma moja, yaani fungu moja la bajeti, na magari mawili ya kituo. Magari ndiyo yaliyokuwa yanakunywa. Halafu nikaona jambo la pili, na hapa nilicheka peke yangu: aliyepanga alipiga hesabu ya boti kama anapiga ya Land Cruiser, lita kadhaa kwa kilomita 100. Boti haina kilomita. Ile ilikuwa na mashine mbili za farasi 200 kila moja, na mashine ya aina hiyo ukiifungua mpaka mwisho inakula zaidi ya lita 70 kwa saa. Mbili, piga mwenyewe. Mafuta ya mwezi mzima, hata kama magari yasingeyagusa, yalikuwa ya saa nne.

Hati ya makabidhiano ilinichukua wiki mbili kuipata, maana Dodoma hakukuwa na nakala. Ilipofika nikaisoma yote, na ukurasa wa mwisho nikakuta kipengele kimoja kifupi: uendeshaji na matengenezo ni juu ya mpokeaji. Sisi ndio tulioweka saini. Picha za siku ya makabidhiano zimo kwenye faili, watu wanatabasamu, utepe unakatwa. Petroli haikualikwa.

Kikao cha kwanza cha bajeti niliaibika. Niliomba kasma ipandishwe mara tano. Dada mmoja wa uhasibu akauliza kama boti yangu inakwenda mwezini, watu wakaangua kicheko. Hicho nilikivumilia. Kilichonikaa rohoni ni swali la mkuu: "Kwa nini tununue petroli sisi, wakati manowari za wakubwa zimejaa huko nje?"

Sikuwa na jibu. Nikalibeba swali mpaka nyumbani Nkuhungu.

Usiku ule na mingine kadhaa nilisoma. Manowari za Umoja wa Ulaya zipo upande wa Somalia tangu Desemba 2008. Januari 2009 nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, zilitia saini kanuni za Djibouti za kupambana na uharamia, na Dar es Salaam ikawa kimojawapo cha vituo vitatu vya kupashana habari, pamoja na Mombasa na Sana'a. Japani ilichangia sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo. Kwa hiyo mkuu hakuwa amekosea, wakubwa wapo kweli.

Jibu nililipata kwenye habari ya Aprili 2014. Manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya, ndani yake wakakuta kilo 1,032 za heroini. Mzigo ukaharibiwa huko huko baharini. Nikajiuliza, na wenye mzigo? Ndipo nikaelewa mambo yanavyokwenda. Kwenye bahari kuu manowari ya kigeni hukamata na kumwaga, na mara nyingi mabaharia huachiwa na jahazi lao, kwa sababu hakuna utaratibu wa kisheria wa kuwashitaki. Na ndani ya maili 12 za baharini kutoka ufukweni mwetu, manowari hiyo haina ruhusa ya kumkamata mtu mpaka sisi tukubali. Hapo penye maili 12 ndipo boti yetu ilipotakiwa kuwa, nayo iko nchi kavu juu ya trela.

(Wenye umri wangu wanawakumbuka "samaki wa Magufuli", wale wa Tawariq 1, meli ya kigeni iliyotuhumiwa kuvua kwetu bila kibali mwaka 2009. Wachache wanakumbuka kuwa iliyowanasa ni meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, iliyobeba na wakaguzi wetu. Meli ya kuazima. Samaki waligawiwa, Mahakama Kuu ikatia watu hatiani 2012, na 2014 Mahakama ya Rufani ikawaachia.)

Januari nikapanda basi kwenda Dar, treni ya SGR bado ilikuwa ahadi. Niliomba nitolewe na boti ili nipate namba za kweli. Nahodha, mzee wa Kilwa, alipojua natoka Dodoma akaniambia nikae katikati na nisiangalie chini. Niliangalia chini. Yaliyofuata hayana haja ya maelezo.

Lakini daftari langu lilirudi limejaa. Ukienda mwendo wa wastani matumizi yanashuka karibu nusu. Theluthi ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi, ndiyo maana mzee alikuwa anakataa kutoka na tangi nusu na kituoni wakamwita mvivu. Mashine zinataka matengenezo kila saa 100, impela ya pampu ya maji inabadilishwa, vipande vya zinki navyo, na kila mkirudi mnasukutua mashine kwa maji yasiyo na chumvi la sivyo chumvi inazila.

Tukiwa tunakunywa chai nikamwonyesha mzee jedwali langu la fedha, robo nne sawasawa. Akaliangalia kwa muda.

"Mwanangu, hela hii ya Julai ya nini?"

"Robo ya kwanza, mzee."

"Julai ni kusi. Kusi ikivuma boti kama hii unaitoa ukamuue nani? Hata majahazi ya magendo yanapumzika. Kaskazi ikianza, majahazi yanashuka kutoka juu, na sisi ndipo mnatuambia kasma imekauka."

Sijawahi kusomeshwa hivyo na mwalimu yeyote wa mipango. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na sote Dodoma tunagawa kwa nne kwa mazoea. Hakuna aliyewahi kuuliza upepo unasemaje.

Nikaandika upya. Boti ikapata kasma yake, mbali na magari. Lita ni zile zile 7,200 kwa mwaka, ila robo ya kwanza ikawa ya matengenezo peke yake, na petroli yote nikaisukuma Oktoba mpaka Machi. Hela ya ziada iliyohitajika nikaitoa kwenye semina. Kisha tukaandika kwa wafadhili kuomba safari ya tatu ya mafunzo nje ya nchi igeuzwe kuwa sanduku la vipuri. Walikubali kwa barua ya nusu ukurasa, kana kwamba walikuwa wanasubiri kuulizwa. Kuna mwenzangu aliyekuwa kwenye orodha ya safari ile, mpaka leo tukikutana kwenye korido anasalimia ukuta.

Kikao cha pili hakuna aliyecheka. Nafikiri meli ya mizigo MV Ruen nayo ilinisaidia: ilitekwa Desemba hiyo mbali na kwetu, ikakombolewa na jeshi la majini la India Machi 2024, magazeti yakaanza tena kuandika habari za maharamia. Mkuu akauliza lile lile swali, nikamjibu kwa maili 12. Akapitisha.

Kuanzia Oktoba 2024 boti ikawa inatoka siku nne, mwezi mwingine tano. Si nyingi. Hoja ya mkaguzi ikafungwa. Aprili 2025, India na jeshi letu walipoandaa AIKEYME, zoezi la pamoja la majeshi ya majini, pale Dar, nilitazama habari kwenye televisheni ya mgahawa mmoja mjini, nikawa nawaza lita tu.

Juni fundi akanipigia. Nikadhani ni salamu.

"Afisa, trela la kuivutia boti limeoza ekseli. Mlitupa hela ya trela?"

Nikafungua jedwali. Hatukuwapa.