Jenereta haiwaki na mita inasema waya ni mzima

Gari-nyumba letu liliundwa Marekani mwaka 1991, na jenereta yake imekaa ndani ya sanduku la chuma ubavuni, nyuma ya gurudumu la nyuma. Kwa wiki tatu iligoma. Ukibonyeza swichi ya ndani unasikia "ta!" moja, kisha kimya. Nikanunua betri mpya. Ikaendelea na "ta!" yake ileile, na betri ya zamani, ambayo haikuwa na ubaya wowote, nikawa nimeshaitoa.

Hapo ndipo nilipochukua mita ya kupimia volti na omu. Betri za upande wa nyumba, zinazolisha taa na vifaa vya ndani, zilisoma volti 12.6. Kwenye gari letu ndizo zinazoiwasha jenereta, si ile ya injini ya gari. Magari mengine ni kinyume, kwa hiyo fuata waya mnene kwa mkono mpaka mwisho wake kabla hujakata shauri. Nikaenda kwenye jenereta, nikapima kati ya temino ya starta (mota inayoizungusha injini ili iwake) na bodi ya jenereta: 12.6 pia. Nikatenganisha betri, nikaupima waya wa ethi, yaani unaorudisha mkondo kwenye hasi ya betri, kwa omu (kipimo cha ukinzani), nikapata 0.2. Nikagusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe: 0.2. Yaani 0.2 yote ilikuwa ya mita yenyewe. Nikaandika kwenye daftari kwamba ethi ni nzima, nikaanza kuifungua starta. Siku mbili zilipotea hapo, na starta nayo haikuwa na kosa.

Kipimo changu kilikuwa sahihi, ila nilipima waya ukiwa umepumzika. Starta ya jenereta kama hii inaweza kula ampea 100. Kwa mkondo huo, ukinzani wa omu 0.03 tu unameza volti 3, na mita ya kawaida haiwezi kuuona ukinzani mdogo kiasi hicho kwa sababu nyaya zake zenyewe zina mkubwa zaidi. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu zilizoshikana utakuonyesha volti zote 12.6 ilimradi hakuna mzigo. Kinachotakiwa ni kupima wakati kidole kiko kwenye swichi.

Binti yangu akakaa ndani kwenye swichi, mimi nikalala chini kando ya sanduku.

"Bonyeza, mwanangu."

"Nimebonyeza, baba. Niachie?"

"Shikilia kidogo... haya, achia."

Tulifanya hivyo mara nne, kila mara sekunde chache tu, kisha tunaiacha starta ipoe. Kwenye betri yenyewe: 11.4. Kati ya chanya ya betri na temino ya starta: 0.4. Kati ya temino ya starta na bodi ya jenereta: 7.9. Kati ya bodi ya jenereta na hasi ya betri: 3.1. Jumlisha 0.4, 7.9 na 3.1, unapata 11.4 kamili. Hakuna volti iliyopotea bila kujulikana ilikokwenda. Tatu nzima zilikuwa zinaliwa upande wa ethi, mahali ambapo kwenye waya mzuri hupaswi kuona hata nusu volti.

Nikaishika bolti inayofunga ethi kwenye chesisi, yaani fremu ya gari. Ilikuwa ya moto. Volti 3.1 kwa ampea mia ni kama wati 300 zinazochoma mahali padogo kama kucha, kwa hiyo mkono ungeweza kuniambia mapema kuliko mita.

Jenereta hizi hukaa juu ya mipira ili mtetemo usiingie ndani, na mipira haipitishi umeme. Waya ule mmoja ndiyo njia yake halali ya kurudi kwenye betri. Ukiharibika, mkondo unatafuta njia nyingine, na kweli niliukuta waya mwembamba wa swichi ya ndani ganda lake limeyeyuka kipande cha urefu wa kidole. Nikaubadilisha. Kwenye chesisi, mtu fulani miaka ya nyuma alipaka rangi, kisha akafunga bolti juu ya rangi. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikaweka washa yenye meno, nikafunga kichwa kipya cha waya, na grisi nikaipaka juu baada ya kukaza. Kipimo cha ethi kikashuka hadi 0.1. Injini ikazunguka kwa nguvu nisiyowahi kuisikia kwenye gari hilo.

Ikawaka, lakini binti yangu alipoachia swichi ikazima. Hili lilikuwa jepesi. Kwenye jenereta yetu, ukiwa umebonyeza, swichi ya presha ya oili inarukwa. Ukiachia, ndiyo inayoruhusu injini iendelee. Oili ilikuwa ya kutosha. Nikauvuta polepole waya wa ile swichi, ukanyumbuka kama uzi: shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda kwa mtetemo wa miaka. Nikaunga upya, nikaufunga usining'inie.

Halafu tatizo la mwisho, ambalo liliniogopesha kuliko yote. Jenereta inaunguruma, relei ya kubadilisha umeme, kutoka wa nje kwenda wa jenereta, inasikika ikigonga baada ya sekunde kama ishirini hivi, taa zinawaka, soketi inasoma volti 118. Ukiwasha hita, inaanguka mpaka 71. Kwenye breka ya jenereta (swichi inayokata umeme ukizidi), na hita imewashwa, bado 117. Ni ugonjwa uleule niliouona kwenye ethi, safari hii kwenye umeme unaoua.

Kabla ya kufungua kisanduku cha relei nilizima injini, nikachomoa waya wa umeme wa nje, nikazima inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi), nikatoa hasi ya betri ili mtu asiiwashe kwa bahati mbaya, kisha nikapima tena kuhakikisha ni sifuri. Tafadhali usiruke hata hatua moja. Na usiamini rangi peke yake: kwenye magari ya Marekani waya mweusi upande wa betri unaweza kuwa hasi, lakini upande wa volti 120 mweusi ndiye mwenye moto (umeme hai) na mweupe ni nyutro, yaani wa kurudisha mkondo. Skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea na plastiki yake imekuwa kahawia. Nilikata sehemu iliyoungua, nikabadilisha temino nzima, nikakaza skrubu zote zilizobaki. Sita kati ya kumi na mbili ziligeuka, yaani zilikuwa zimelegea.

Sasa na hita imewashwa nasoma 115. Majaribio yote nimeyafanya nje penye hewa, madirisha ya upande wa jenereta yakiwa yamefungwa, na kitambuzi cha kaboni monoksidi (gesi ya sumu ya moshi wa injini) kikiwa kimewashwa ndani.

Nyuma ya mfuniko wa sanduku nimebandika tepu nyeupe. Binti yangu ameandika kwa kalamu isiyofutika: ethi 0.1, chanya 0.4, soketi na hita 115, na tarehe.