Kanisa likigeuka ukumbi wa ngoma

Ukienda Amsterdam kusikiliza muziki, huenda ukaishia Paradiso. Jengo hilo lilijengwa kati ya 1879 na 1880 liwe nyumba ya ibada ya jumuiya iliyoitwa Vrije Gemeente. Tangu 1968 ni ukumbi wa magitaa, madramu na taa za rangi, lakini madirisha marefu ya kanisa bado yapo palepale, na anayepiga jukwaani anapiga yakiwa nyuma ya mgongo wake.

Nina rafiki niliyejifunza naye ngoma hapa Bagamoyo ambaye sasa anaishi huko. Ndiye aliyenitumia video kutoka ndani, nami nikamwonyesha shangazi. Shangazi ni WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ni kwaya, ni mtu wa misa ya kwanza. Hakutazama bendi hata kidogo. Alitazama madirisha, akasogeza simu karibu na uso, akasema, "Hili si kanisa hili? Na hao wanarukaruka nini humo?"

Tangu siku ile mjadala haujaisha.

Nilianza na sheria za Kanisa lenyewe, maana kwa shangazi ukileta maoni yako mwenyewe umeshindwa kabla ya chai kupoa. Kwa sisi Wakatoliki jambo hili limeandikwa, kanuni namba 1222. Kanisa lisipofaa tena kwa ibada na halitengenezeki, askofu anaweza kuliruhusu litumike kwa shughuli za kawaida, ila zisiwe za aibu. Kukiwa na sababu nyingine nzito, ni lazima kwanza asikilize baraza la mapadre. Hao wa Amsterdam hawakuwa Wakatoliki, kwa hiyo kanuni hiyo haiwahusu, lakini nilitaka ajue kuwa hata Roma imekubali kwamba jengo linaweza kubadilishiwa kazi.

"Na nani anapima aibu?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikahamia Unguja.

Pale Forodhani, Wareno walikuwa na kanisa. Waarabu wa Oman walipowaondoa mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome mahali palepale, na mabaki ya kanisa yakamezwa na kuta. Ndiyo Ngome Kongwe tunayoijua. Imeshakuwa gereza, imeshakuwa mengi, na leo ndani kuna jukwaa na ngazi za kukalia. Tamasha la muziki la Sauti za Busara limefanyika humo miaka na miaka. Nimepiga ngoma humo mimi mwenyewe, na shangazi alikuwepo, amejifunga kanga yake mpya, anapiga vigelegele. Nikamwambia: siku ile ulikuwa unacheza kanisani, shangazi.

Nilidhani nimemweza. Akanyamaza kidogo, akachambua mchicha kidogo, kisha akasema, "Baba, wale Wareno walifukuzwa. Hao wenzako hakuna aliyewafukuza. Wamechoka wenyewe kwenda."

Neno lile limenikaa mpaka leo. Anayefukuzwa, jengo lake huchukuliwa, na lawama ina mwenyewe. Lakini kanisa lililoachwa na watu wake polepole, Jumapili hii benchi moja tupu, ijayo mawili, hapo utamlaumu nani? Si mpiga gitaa. Yeye amekuta mlango wazi. Kuna na njia ya tatu ambayo shangazi hakuitaja: St John's Smith Square, kanisa la London la mwaka 1728 lenye minara minne kwenye pembe. Liliungua kwa bomu mwaka 1941, likakaa gofu miaka mingi, na mwaka 1969 likafunguliwa likiwa ukumbi wa muziki. Pale naona hata yeye angewasamehe.

Haya, hayo ni ya shangazi. Mimi kilichonikosesha usingizi ni sauti.

Majengo haya yalijengwa kwa ajili ya sauti za watu wanaoimba. Mawe, lipu na vioo havinywi sauti, vinairudisha. Mwimbaji akimaliza noti bado inaelea juu ya paa, na noti inayofuata inaikuta, zinapatana. Kwaya inanenepa. Sasa ingiza ngoma humo. Mazoezini kanisani nimewahi kupiga chapuo, ile ngoma ndogo, kwa kasi ya mdundiko, na baada ya muda mfupi sikuweza kutofautisha pigo langu na mzuka wa pigo lililopita. Kayamba ikawa mvua juu ya bati. Mwalimu wa kwaya akaniashiria kwa kidole: nusu ya mapigo, acha nafasi. Nikaacha nafasi, wimbo ukakaa.

Wallace Sabine, mwalimu kijana wa Harvard, alipewa kazi mwaka 1895 ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao msemaji alikuwa haeleweki. Usiku alikuwa anahamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga humo, na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Ndipo ikaeleweka kwamba vitu laini hunyonya sauti, na miili ya watu pia. Fundi yeyote wa ngoma wa hapa angemwambia hivyo bila mito: kibanda cha makuti kina sauti kavu, pigo linaanguka na kuisha. Na Ngome Kongwe haina paa, sauti inakwenda zake baharini. Ndiyo maana kule ngoma inasikika safi.

Tatizo la makuti ni moto, na sisi Bagamoyo moto tunaujua. Ukumbi wa Chuo cha Sanaa uliteketea mwaka 2002, siku hizo hata jina lake la sasa, TaSUBa, halijazaliwa. Watu waliponiuliza kama jengo la mawe lisingekuwa salama zaidi, nilisema ndiyo, kwa kwaya.

Kanisa letu la misheni, lile la 1910 hadi 1914, Jumapili linajaa mpaka watu wanasimama, kwa hiyo mjadala wetu ni wa nchi za watu. Hata hivyo nilimwomba rafiki yangu anifanyie jambo moja: siku Paradiso ikiwa tupu, apige kofi moja katikati ya sakafu na kurekodi. Amejibu kuwa alipiga, mlinzi akaja kumuuliza anatafuta nini. Rekodi hajanitumia bado. Shangazi naye anaingoja, ingawa anasema haimhusu.