USS Cole: kilichokaribia kuizamisha si tundu

Ukiitaja USS Cole, meli ya kivita ya Marekani iliyolipuliwa mwaka 2000, watu wengi hukumbuka ile picha ya bandari ya Aden, Yemen: ubavu wa kushoto umepasuka, chuma kimejikunja kwa ndani. Tundu lile lilikuwa baya, ila halikuizamisha. Hatari kubwa zaidi ilikuja baadaye, kwa maji yaliyopenya polepole pale shafti (mhimili) inayozungusha rafadha, yaani panga la kusukuma meli, inapopita ukutani, na naona sehemu hiyo haisimuliwi inavyostahili.

Cole (DDG-67) ni destroya ya daraja la Arleigh Burke. Ilijengwa na Ingalls huko Pascagoula, Mississippi, ikaingia kazini rasmi tarehe 8 Juni 1996. Ina urefu wa mita 154, injini nne za tabo (tabaini) ya gesi aina ya LM2500 na rafadha mbili. Majengo ya juu ya sitaha ni ya chuma, si alumini. Somo hilo lilitoka kwa meli nyingine ya kivita ya Marekani, USS Belknap, iliyogongana na meli ya kubeba ndege USS John F. Kennedy mwaka 1975, na alumini yake ikayeyuka kwa moto.

Tarehe 12 Oktoba 2000, Cole ilikuwa imefungwa bandarini Aden ikijaza mafuta. Saa 5:18 asubuhi boti ndogo ilijisogeza ubavuni ikalipuka. Tundu lilikuwa na ukubwa wa mita 12 kwa 18 hivi. Mabaharia 17 walifariki, wengi wao wakiwa karibu na jiko na bwalo, maana ulikuwa wakati wa chakula. Walioshambulia ni Al-Qaeda, walewale waliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998; walikuwa wameshajaribu hapohapo Aden mnamo Januari 2000 dhidi ya meli nyingine ya kivita ya Marekani, USS The Sullivans. Boti yao ilizidiwa na uzito wa vilipuzi ikazama.

Chumba cha injini cha mbele kilifurika. Hilo peke yake meli ya aina hii hulistahimili, kwa sababu kuta zisizopitisha maji huigawa toka omo hadi tezi. Udhaifu uko kwenye matobo ya kuta hizo: nyaya, mabomba na shafti. Shafti lazima izunguke, kwa hiyo huzungushiwa sili, yaani kizibo cha kuzuia maji. Mshtuko ukiisogeza sili kidogo tu, maji hupata njia. Ndivyo chumba cha injini cha nyuma nacho kilivyoanza kujaa.

Umeme ulipokatika, pampu kubwa zikanyamaza. Zikabaki pampu za kubebeka, na hizo zina mipaka: kila mita ya ziada ya kuinua maji hupunguza kiasi kinachotoka, na maji yenye mafuta na takataka huziba chujio. Mabaharia wakakata tobo ubavuni, juu ya usawa wa bahari, ili mpira wa pampu utoe maji karibu badala ya kupandishwa hadi sitahani. Wengine walijipanga mstari wakakumba maji kwa ndoo. Kwa maoni yangu, tobo hilo la makusudi ndilo uamuzi bora zaidi katika kisa chote. Ilichukua kama siku tatu kuyadhibiti maji, wakisaidiwa na meli nyingine zilizofika, zikiwemo HMS Marlborough na HMS Cumberland za Uingereza.

Haikuweza kusafiri yenyewe. Ilivutwa nje ya bandari hadi kwa Blue Marlin, meli ya Norway inayojaza maji matangi yake, ikashusha sitaha chini ya mzigo, kisha ikaibuka nao. Kuba la sona, chombo cha kusikilizia sauti chini ya maji, hujitokeza chini ya mkuku, hivyo magogo ya kuikalisha Cole yalihitaji kupangwa kwa uangalifu mkubwa. Ilifika Pascagoula Desemba 2000. Ukarabati ulimeza zaidi ya tani 550 za chuma na takriban dola milioni 250. Ilishushwa tena majini tarehe 14 Septemba 2001, ikaondoka Pascagoula Aprili 2002. Kwenye sakafu ya njia ya kwenda bwaloni kuna nyota 17.

Tangu hapo haijawahi kugeuzwa kumbukumbu ya gatini. Mwaka 2008 ilipelekwa karibu na Lebanon, mwaka 2017 ikarudi kushika doria kwenye pwani ya Yemen, na tarehe 1 Oktoba 2024, pamoja na USS Bulkeley, ilirusha makombora ya kuzuia yale ya Iran yaliyoelekezwa Israeli.