Jinsi nilivyopanga bafu la mama yangu kwa chokaa na kiti cha plastiki

Nilipoamua kumjengea mama chumba chenye bafu la ndani katika nyumba yangu ya Kigamboni, nilidhani kazi ya kupanga bafu ni ya fundi bomba peke yake. Kuta zilikuwa zimesimama, paa limeshaezekwa, na sakafu ilikuwa bado kifusi kilichoshindiliwa, kwa hiyo fundi alinichorea mpango wake kwenye kipande cha mfuko wa saruji: choo kiegemee ukuta wa kusini, karibu na chemba, ili bomba liwe fupi. Nikakubali.

Mama alipofika kukagua aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kibla kiko wapi hapa?" Kwa sisi tulioko Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na mchoro ule ungemkalisha chooni akiielekea. Najua wapo wanazuoni wanaolegeza katazo la kuelekea kibla chooni mtu akiwa ndani ya majengo, lakini atakayekitumia choo hicho kila siku ni mama, si wao.

Nilianza upya kwa kupima. Chumba kilikuwa sentimita 160 kwa 240 kutoka tofali hadi tofali, vipimo ambavyo nusura vinidanganye, kwa sababu lipu ya sentimita 2 pamoja na vigae na udongo wake wa sentimita 1.5 hula ukuta wa kila upande, na nilichobakiwa nacho kwa kweli ni 153 kwa 233. Nikachora kwa chokaa juu ya kifusi: sentimita 80 za upande wa kusini kwa choo, kikiegemea ukuta wa magharibi na kutazama mashariki, 60 za katikati kwa sinki la kunawia, mkabala na mlango, na 93 zilizobaki kwa kuogea. Kwa mpangilio huo mabomba yote ya maji safi yalipita katika ukuta mmoja, jambo lililomfurahisha fundi kuliko hoja yangu ya kibla.

Kisha nikaweka kiti cha plastiki mahali pa choo na kumwomba mama akae. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kibomba cha kutawazia kilikuwa kimepangwa kushotoni, ilhali mtu hushika maji kwa mkono wa kulia. Tukakihamishia ukuta wa kusini, na mbele yake kidogo, kimo cha sentimita 70, tukapanga chuma cha kushikia, maana magoti yake hayamruhusu kuinuka bila msaada. Alipotaka kutoka, tuliona pia kwamba mlango ukifungukia ndani ungemgonga mtu aliyesimama kwenye sinki, kwa hiyo ukageuzwa ufungukie nje.

Mama huoga kwa ndoo, akiwa ameketi kwenye kigoda. Bomba la mvua tuliliweka kwa ajili ya wajukuu, lakini chini yake, sentimita 60 kutoka sakafuni, tuliweka koki inayoruhusu ndoo ya lita 20 kuingia bila kuinamishwa. Sikutaka kizingiti cha kuzuia maji. Tuliishusha sakafu taratibu kuelekea kwenye tundu la kutolea maji.

Kuhusu bomba la choo la inchi 4, kukigeuza choo kulirefusha njia hadi mita 5. Fundi alipendekeza mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani chemba ipokee bomba sentimita 12.5 chini zaidi ya lilipoanzia, na ikabidi chemba ichimbwe upya, gharama ambayo ningeiepuka kama ningemwita mama mapema. Choo chenyewe nilikinunua kabla ya zege kumwagwa, kwa kuwa tundu lake lilitaka kuwa sentimita 22 kutoka kwenye ukuta uliokamilika, tulipima 25.5 kutoka kwenye tofali, na siku ya kukifunga kilikaa bila kuvunja kigae hata kimoja.